Zeina Daccache na viti vya gereza la Roumieh

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi na wageni wote, hamjambo.

Mmeniomba nizungumze juu ya msanii ambaye kazi yake imegusa sheria za nchi yake. Nimemchagua mwigizaji wa Lebanon, Zeina Daccache. Najua wengi humu hamjawahi kumsikia. Habari za Lebanon zinazotufikia huku ni za mabomu, za bandari ya Beirut iliyolipuka tarehe 4 Agosti 2020 ikaua watu zaidi ya mia mbili, na za dada zetu waliokwama kule wakitafuta nauli ya kurudi. Hao dada zetu nitawafikia. Nianze na gereza.

Mapema mwaka 2009, mawaziri, wabunge, majaji na wakubwa wa vyombo vya usalama wa Lebanon walipanda vilima vya Metn, kaskazini mashariki ya Beirut, wakaingia gereza la Roumieh. Hawakwenda kukagua. Walikwenda kutazama mchezo wa kuigiza. Waigizaji walikuwa wafungwa wa humo humo: waliopatikana na hatia ya kuua, ya kubaka, ya kuuza dawa za kulevya. Walikuwamo wenye vifungo vya maisha, na waliohukumiwa kunyongwa. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke kijana ambaye watazamaji wa televisheni walimfahamu kwa kuwachekesha.

Roumieh ndilo gereza kubwa kuliko yote nchini humo. Lilijengwa kwa ajili ya watu elfu moja na ushee, na kwa miaka mingi limebeba zaidi ya elfu tatu. Humo mahabusu anayesubiri kesi anaweza kuchanganywa na aliyehukumiwa, na kesi yenyewe inaweza kukokotwa miaka. Waheshimiwa wale walikuwa na taarifa zote hizo mezani kwao. Taarifa ya maandishi unaweza kuifunga ukaiweka kando. Mtu aliyesimama hatua chache mbele yako, anakutazama usoni na anazungumza, huwezi kumfunga ukamweka kando, hasa ukiwa umekaa kwenye kiti na mlango umefungwa nyuma yako.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Tunapopanga kazi ya uanaharakati, sisi wasanii tunahangaika sana na nani apande jukwaani na aseme nini. Daccache alihangaika vilevile na nani akae kwenye viti. Tazameni kazi zetu wenyewe. Tunaandika mchezo juu ya vipigo vya majumbani, tunauonyesha kwa wanawake waliopigwa, wanalia, tunapiga picha, tunaandika ripoti kwa mfadhili. Mwanamke aliyepigwa anajua kipigo kuliko sisi. Asiyekijua ni yule anayekalia faili, na huyo siku ya onyesho alituma salamu za pole kwamba ana kikao.

Sasa niwaambie huyu mama ametoka wapi, kwa sababu hakuibuka tu gerezani. Alisomea sanaa za maonyesho Beirut, Chuo Kikuu cha Saint-Joseph. Akaenda kwa Philippe Gaulier, mwalimu aliyesifika kwa kufundisha uchekeshaji, na waliosoma kwa Gaulier wanajua hakumhurumia mwanafunzi: usipochekesha, alikushusha jukwaani. Alipita pia gereza la Volterra huko Italia, ambako Armando Punzo amekuwa akitengeneza michezo na wafungwa tangu mwaka 1988. Baadaye akasomea tiba kwa maigizo Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, na saikolojia ya tiba Beirut, Chuo Kikuu cha Haigazian. Wakati huo huo Lebanon ilimjua kwa jina la Izo, mhusika wake katika Basmat Watan, kipindi cha vichekesho vya kisiasa kilichorushwa na kituo cha televisheni cha LBC. Kipindi hicho hakikuwa na mchezo: mwaka 2006 kilipomwigiza kiongozi wa Hezbollah, wafuasi wake walijaa barabarani usiku huo huo na kufunga njia.

Kwa hiyo alikuwa na umaarufu. Angeweza kuutumia kama wengi wanavyoutumia, kuvaa fulana yenye maneno mazuri na kusimama mbele ya kamera siku ya maadhimisho. Yeye mwaka 2007 akaanzisha Catharsis, kituo cha tiba kwa maigizo, akaenda kubisha hodi magereza. Ruhusa haikuja kirahisi. Na ilipokuja, kazi ilichukua miezi 15 pamoja na wafungwa 45.

Miezi 15, wanafunzi wangu. Nyinyi mnalalamika wiki sita za mazoezi ni nyingi. Baadhi ya wafungwa wale hawakujua kusoma, kwa hiyo mchezo mzima waliushika kwa masikio.

Mchezo aliouchagua ni ule wa Mmarekani Reginald Rose, ulioandikwa kwa ajili ya televisheni mwaka 1954, juu ya watu 12 wa jopo la mahakama wanaofungiwa chumbani ili waamue kama kijana mmoja amemuua baba yake. Wakikubaliana wote kwamba ana hatia, kijana atauawa. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia. Mmoja tu anasema hana uhakika. Basi wanaanza kuchambua ushahidi kipande kwa kipande. Kisu kilichosemwa ni cha aina ya pekee, kumbe kinauzwa dukani, na yule mtu mmoja anakichomoa kingine kama hicho kutoka mfukoni mwake na kukikita mezani. Mzee aliyesema alifika mlangoni kwa sekunde chache akamwona kijana akikimbia, kumbe anachechemea, na wakipima hatua kwa hatua wanaona haiwezekani. Kura zinageuka moja moja.

Lebanon haina majopo ya namna hiyo. Mahakama zao zimefuata mkondo wa Kifaransa na hukumu hutolewa na majaji. Kwa hiyo kwa wafungwa wale mchezo haukuwa picha ya kesi zao. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na ujanja wa kitaalamu, na naomba wanaotaka kufanya kazi hii waelewe kwa nini.

Katika tiba kwa maigizo, mtu haulizwi moja kwa moja ulimuuaje yule. Ukimuuliza hivyo atakupa jibu alilompa polisi, au lile alilompa wakili, au atanyamaza. Anapewa nafsi ya mtu mwingine. Aliyehukumiwa kwa kuua anapewa nafsi ya raia anayepaswa kupima kama mtu mwingine ameua. Anashika kisu cha mbao mkononi na kubishana juu yake. Analazimika kujiuliza uamuzi unafanywaje, hasira inaingia wapi, chuki ya mtu kwa mwanawe mwenyewe inageukaje kuwa kura ya kumnyonga mtoto wa mwenzake. Wiki baada ya wiki anasimama mahali ambapo katika maisha yake hakuwahi kusimama, mahali pa kufikiri kabla ya kutenda. Baadaye, akishazoea nafsi ile, ndipo anaweza kuzungumza kwa kinywa chake. Katika mchezo wa Roumieh yalikuwapo mazungumzo ya peke yao, nyimbo na ngoma katikati ya maonyesho, ambapo wafungwa waliacha uhusika na kusema habari zao wenyewe: nani amekufa nyumbani wakiwa ndani, nini wanajutia, nini wanaomba.

Na waliomba jambo moja mahususi. Mwaka 2002 bunge la Lebanon lilipitisha sheria namba 463 ya kumpunguzia kifungo mfungwa mwenye mwenendo mzuri. Sisi huku tumezoea hilo, theluthi ya kifungo hupunguzwa na hakuna anayeshangaa. Kule sheria ilipitishwa ikakaa kabatini. Miaka saba. Hakuna kamati, hakuna utaratibu, hakuna mtu aliyeachiwa kwa sheria hiyo. Wafungwa wakaileta jukwaani, mbele ya mawaziri wenye kuisimamia, wakiwa wamekaa nao chumba kimoja. Mwaka huo huo wa 2009 ikaanza kutekelezwa.

Mchezo peke yake haukufanya hivyo, na sitaki mtoke hapa mkidhani maigizo ni dawa ya kila ugonjwa. Sheria ilikuwa tayari imepita, wanasheria na watetezi wa haki walikuwa wanaipigia kelele, na wizarani kulikuwa na watu waliotaka iende. Ila kwa miaka saba vyote hivyo havikutosha. Kulihitajika kitu cha kumwondolea mkubwa nafasi ya kusema hakujua.

Daccache aliyapiga picha mazoezi na maonyesho, na filamu ya kumbukumbu iliyotokana nayo ikachukua tuzo ya kwanza ya filamu za kumbukumbu za Kiarabu Dubai, Desemba 2009, pamoja na tuzo ya watazamaji. Waigizaji wake walikuwa bado nyuma ya nondo.

Kuna swali ambalo najua linawasumbua baadhi yenu, na ni haki yake kusumbua. Waliouawa je? Yule msichana aliyebakwa, naye atakaa kwenye kiti kumpigia makofi aliyembaka? Mimi nina ndugu ambao wamezika mtu kwa mkono wa mtu, na nikiongea mambo haya mbele yao natafuta maneno. Jibu langu ni hili. Aliyefungwa miaka 15 atatoka. Atarudi mtaa ule ule, na wa kwanza kukutana naye ni jamaa wa marehemu. Kama kwa miaka 15 hakuna aliyemfanya atazame alichokitenda, atarudi vilevile au vibaya zaidi. Kazi ya Daccache haimwambii mfungwa kwamba hana kosa. Inamkalisha na kosa lake muda mrefu kuliko mahakama ilivyomkalisha. Mkinibishia bado, nitawasikiliza, lakini mje na njia mbadala, maana kumfungia mtu na kumsahau tumekujaribu sana.

Mwaka 2012 akahamia gereza la wanawake la Baabda. Huko alifanya kazi na wanawake miezi kumi, na akamchukua Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, yule aliyeokoa roho yake kwa kusimulia kila usiku, awe mlango wa wao kusimulia yao. Nani walikuwamo? Walioozwa wakiwa watoto. Waliopigwa na baba, kisha na mume, na mmoja wapo siku moja akamuua aliyempiga. Walioshtakiwa kwa uzinzi, ambao kule ni kosa la jinai. Waliobebeshwa dawa za kulevya. Maonyesho yakafanyika gerezani, wakubwa wakaitwa tena kwenye viti, na filamu yake ikatoka mwaka 2013.

Tarehe 1 Aprili 2014 bunge likapitisha sheria namba 293 ya kuwalinda wanawake na wanafamilia dhidi ya ukatili wa nyumbani. Hapa naomba tuwe waangalifu tunapogawa sifa. Sheria hiyo ilipiganiwa miaka mingi na KAFA, shirika la kutetea wanawake, na vifo vya wanawake kadhaa mikononi mwa waume zao mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 viliwatoa watu barabarani kwa maelfu. Wanawake wa Baabda walikuwa sauti moja katika hizo. Lakini ilikuwa sauti ambayo haikuwapo kabisa. Mashirika yalizungumza kwa niaba ya aliyeuawa. Wa Baabda alikuwa yule ambaye hakufa, aliyesubiri msaada usije, akafika mwisho wa uvumilivu wake na sasa anatumikia kifungo. Mbunge akimsikia huyo anaelewa kwamba sheria inayochelewa inazaa maiti pande zote mbili.

Na sheria yenyewe ilitoka na pengo. Haikutaja kubakwa ndani ya ndoa kuwa kosa linalojitegemea. Ndoa, talaka na malezi ya watoto bado viko mikononi mwa mahakama za dini, na Lebanon ina madhehebu 18 yanayotambuliwa kisheria, kwa hiyo mwanamke wa dhehebu hili na jirani yake wa dhehebu lile wakiachwa siku moja hawapati haki sawa. Nasema haya ili msije mkadhani hadithi ya Daccache ni ya ushindi juu ya ushindi.

Kazi yake iliyonigusa zaidi ni ya tatu, na ndiyo isiyojulikana sana. Ndani ya Roumieh kuna jengo wanaloliita Jengo la Bluu, wanakowekwa wafungwa wagonjwa wa akili. Sheria ya adhabu ya Lebanon ni ya mwaka 1943. Inasema aliyetenda kosa akiwa mgonjwa wa akili azuiliwe mpaka apone. Sikilizeni vizuri hapo. Mpaka apone. Mtu mwenye skizofrenia anaweza kutulia kwa dawa akaishi vizuri na watu, lakini daktari gani ataweka sahihi kwamba amepona kabisa? Matokeo yake, mwenye akili timamu aliyeua anaweza kutumikia miaka yake akatoka, na mgonjwa aliyefanya kosa dogo kuliko hilo akafia ndani. Ndugu wamechoka, wamehama, wengine wamekufa. Hana wa kumuulizia.

Tusiwacheke Walebanoni kwa hilo. Sisi tuna Isanga pale Dodoma, wanakozuiliwa wagonjwa wa akili waliotenda makosa, na Kenya wamekuwa na watu kama hao waliozuiliwa kwa ridhaa ya Rais, bila tarehe ya kutoka, miaka isiyo na hesabu. Maneno ya sheria zetu juu ya wagonjwa wa akili tuliyarithi kwa mkoloni, kama wao.

Wagonjwa wengi wa Jengo la Bluu hawangeweza kusimama jukwaani kuieleza hali yao. Basi Daccache akafanya jambo ambalo mimi naliona ni kilele cha kazi yake: wafungwa wengine, wakiwamo wa vifungo vya maisha, wakajifunza habari za wagonjwa wale na kuwaigiza. Mtu ambaye nchi nzima imemwita mnyama akasimama kumtetea mwenzake asiyeweza kujitetea. Mchezo ulionyeshwa Roumieh mwaka 2016, na pamoja nao ukaandaliwa mswada wa kubadilisha sheria ile, ukapelekwa bungeni. Kumbukeni Lebanon wakati huo haikuwa na rais, tangu Mei 2014 hadi Oktoba 2016, na mwaka 2019 uchumi ukaanguka kabisa. Kwenye nchi ya namna hiyo mswada wa wagonjwa wa akili huwekwa chini ya kila kitu. Yeye akaendelea, na filamu juu ya watu wale ikatoka mwaka 2021.

Nilisema nitawafikia dada zetu.

Catharsis haikubaki magerezani. Iliwapandisha jukwaani pia wafanyakazi wa kigeni wanaofanya kazi Lebanon, wengi wao wanawake wa majumbani kutoka Afrika na Asia. Hao wako chini ya mfumo wa kafala: kibali cha kuishi kimefungwa kwa mdhamini mmoja, naye ndiye mwajiri. Ukimkimbia kwa sababu anakupiga au hakulipi, wewe ndiye unayegeuka mhalifu. Sheria ya kazi ya Lebanon ya mwaka 1946, kifungu cha 7, inawatoa wafanyakazi wa majumbani nje ya ulinzi wake. Pasipoti inakaa kabatini kwa bosi. Wengi wanalala jikoni au kibarazani.

Katikati ya 2020, lira, sarafu ya Lebanon, ilipoporomoka, waajiri waliwashusha wanawake wa Kiethiopia mbele ya ubalozi wao mdogo na mabegi yao na kuondoka na magari. Agosti mwaka huo, wanawake wa Kenya waliweka kambi kwenye kinjia mbele ya ofisi ya konseli wao wa heshima Beirut, wakidai warudishwe kwao. Walilala pale. Mwaka 2022 wengine wakafanya hivyo tena. Na 2024, mabomu yalipoanza kunyesha, walikuwapo waliofungiwa milango kwenye nyumba ambazo waajiri wao wameshazikimbia.

Basi nawauliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambao muhula ujao mnatafuta mada ya onyesho lenu. Wanawake waliorudi kutoka Beirut, Riyadh na Muscat wako kwenye mitaa yetu. Wapo wanaotaka kusema, na wapo wasiotaka hata jirani ajue walikuwa wapi, na huyo aachwe. Walimu wetu walishatuonyesha njia: akina Penina Mlama na Amandina Lihamba walikwenda Malya, mkoa wa Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakakaa na wanakijiji mpaka wanakijiji wenyewe wakatengeneza mchezo juu ya tatizo lao. Sehemu ya kuwasikiliza wenye shida tunaijua vizuri. Sehemu ya viti ndiyo tunayoifanyia uvivu.

Msianze na muswada wa mchezo. Anzeni na orodha ya watazamaji. Wakala mwenye ofisi ghorofani anayekusanya pasipoti za wasichana. Ofisa wa kazi anayegonga muhuri kwenye mkataba ulioandikwa lugha ambayo binti hasomi. Mbunge wa jimbo wanakotoka wengi. Daktari anayepima damu za wanaosafiri. Wafuateni mmoja mmoja, kwa miezi, kama Daccache alivyowafuata wakubwa wa magereza. Watakataa. Rudini. Mkuu wa idara yenu yuko hapa, ananisikia, na barua za mwaliko zitahitaji sahihi yake, kwa hiyo nimemtaja mbele yenu makusudi.

Na kama kati ya orodha yote atapatikana ofisa mmoja tu wa kukubali kuja, tafuteni ukumbi mdogo, muwekeeni kiti cha mbele, muigize.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nasubiri maswali, na lile la wahanga najua bado halijaisha, kwa hiyo tuanze nalo.